Jiwe la Shinkolobwe na Deni Lake



Nimeombwa nizungumzie taka za nyuklia na gharama za kuzihifadhi. Najua wengi wenu mnangoja nianzie Marekani au Ulaya, na huko tutafika. Lakini nitaanzia Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, kwa sababu baadhi ya taka zilizowasumbua sana Wamarekani zilitoka ardhini kwao.

Karibu na mji wa Likasi, kusini mwa Kongo, kuna mahali panaitwa Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aligundua urani pale, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikaanza kuchimba. Siku hizo urani yenyewe ilikuwa na wateja wachache. Kilichotafutwa kwa udi na uvumba ni radiamu iliyofuatana nayo. Madini ya Shinkolobwe yalikuwa ya ajabu. Kwingineko duniani, jiwe lenye sehemu moja ya urani katika sehemu mia lilihesabiwa kuwa zuri, lakini pale yalipatikana mawe yenye sehemu 65 katika mia. Mwaka 1940, vita vilipokuwa vimeiva Ulaya, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini hayo hadi ghala moja katika kisiwa cha Staten Island, New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima ilitoka katika mgodi huo.

Habari hiyo mmeisikia, na vitabu vimeandikwa. Isiyosimuliwa sana ni ya kile kilichobaki. Ukisaga jiwe ukalitia asidi na kuvuta urani, hubaki tope, na katika tope hilo hubaki karibu radiamu yote. Tope la madini ya Shinkolobwe lilipewa jina la K-65. Tawi la kampuni ya Kibelgiji lililokuwa New York liliuza urani lakini likabaki na umiliki wa radiamu, kwa matumaini ya kuja kuiuza siku moja. Kwa hiyo tope likatunzwa kama mali. Sehemu ilikwenda Lewiston, jirani na maporomoko ya Niagara, na sehemu ikatiwa katika matangi mawili makubwa ya zege huko Fernald, jimbo la Ohio, katikati ya mashamba ya watu. Siku ya kuiuza haikufika. Iliyokuwa mali ikageuka mzigo.

Miaka ya 1980 wakazi wa Fernald walikwenda mahakamani walipogundua ni nini kilichokuwa kikivuja kutoka kiwanda cha urani kilichokuwa jirani yao. Kusafisha eneo zima kulimalizika mwaka 2006 na kugharimu dola bilioni 4.4. Lile tope la matangi mawili lilichanganywa na saruji, likapakiwa kwenye malori na kupelekwa Texas, zaidi ya maili elfu moja kutoka pale. Na la Lewiston? Lilifukiwa miaka ya 1980, likafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, pakaitwa mahali pa hifadhi ya muda. Mwaka 2019 kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kiliamua kwamba lote lifukuliwe na kuhamishwa, kwa gharama inayokaribia dola nusu bilioni. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Tangu jiwe lile livuke bahari, haijapungua hata sehemu tano katika mia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ninalotaka mlishike usiku huu. Bei aliyolipwa Sengier haikuwa na hata senti moja ya kutunza tope. Faida ilihesabiwa mwaka ule ule, gharama ikaachiwa watu wa Ohio na New York ambao hawakuulizwa. Na wachimbaji wa Katanga, waliolishika jiwe lile kwa mikono bila kinga, hakuna aliyewapimia mionzi waliyoipata. Hata baada ya mgodi kufungwa, umaskini uliendelea kuwarudisha watu mashimoni, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa ndani.

Sasa tuseme taka hizi ni nini, kwa maneno mepesi. Kinu cha umeme wa nyuklia hutumia vyuma vyembamba vilivyojazwa vidonge vya urani. Baada ya miaka michache vidonge hivyo haviwashi tena vizuri, hutolewa, lakini sasa vina mionzi mikali mara nyingi kuliko vilipoingia. Kwanza huzamishwa katika bwawa la maji ili vipoe, kwa miaka kadhaa. Kisha hutiwa katika mapipa makubwa ya chuma na zege na kusimamishwa uwanjani. Hapo dunia nzima imefika. Hatua inayofuata, ya kuviweka mahali ambapo havitahitaji mlinzi, ndiyo ambayo nchi karibu zote zinazotumia nyuklia hazijaikamilisha, na vinu vya kwanza vya umeme vilianza miaka ya 1950.

Ndani ya vidonge hivyo kuna vitu vya umri tofauti. Sesiamu na strontiamu hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Hizo, mtu anaweza kufikiria kuzilinda kwa karne tatu nne. Plutoniamu hupungua nusu kwa miaka 24,100. Iko aina ya ayodini ambayo nusu yake ni zaidi ya miaka milioni 15. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11, na tayari tunabishana ni nani hasa aliyeujenga na jinsi ulivyoonekana mwanzoni. Serikali gani ya leo inaweza kuahidi mlinzi langoni kwa miaka elfu ishirini?

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 30 tu za fueli iliyotumika kwa mwaka. Mtambo wa makaa ya mawe wa ukubwa huo hutoa malaki ya tani za majivu, na mamilioni ya tani za hewa ya ukaa ambayo hakuna anayeikusanya. Taka za nyuklia ni chache, zinajulikana ziliko, zinahesabika. Mtu anayewatisha kwa kusema haziwezi kuhifadhiwa kabisa hawaambii kweli yote.

Maumbile yenyewe yametoa ushahidi, na yameutoa Afrika. Mwaka 1972 wanasayansi wa Ufaransa waligundua kwamba urani iliyotoka Oklo, nchini Gabon, ilikuwa na upungufu wa ajabu katika ile aina inayowaka. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu miaka bilioni mbili iliyopita, ardhini pale, maji na urani tajiri vilikutana na kuwasha vinu vya asili, vikawaka na kuzimika kwa malaki ya miaka. Taka zake ziliachwa zilipo. Hakuna aliyezitia pipani, hakuna aliyezijengea ukuta. Na plutoniamu iliyozaliwa pale haikusogea ila kidogo sana kabla ya kuoza na kwisha. Mwamba mzuri unaweza kutunza. Wanaojenga mashimo ya chini sana leo wanategemea ukweli huo.

Kwa nini basi kuzizika taka hizi kumeshindikana? Tutazame Marekani, kwa sababu hakuna nchi iliyotumia fedha nyingi zaidi kupata matokeo machache zaidi.

Sheria yao ya mwaka 1982 ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kila uniti ya umeme wa nyuklia ikatwe sehemu moja ya kumi ya senti, fedha ziingie katika mfuko wa taka, na kufikia tarehe 31 Januari 1998 serikali kuu ianze kuzichukua taka kutoka kwa kampuni za umeme. Maeneo kadhaa yangechunguzwa na kulinganishwa, kisha lililo bora lichaguliwe. Lakini mwaka 1987 wabunge wakakatisha uchunguzi. Majimbo yenye nguvu bungeni yalijitoa, na sheria ikarekebishwa ili mlima mmoja tu uchunguzwe: Yucca Mountain, katika jimbo la Nevada, ambalo wakati ule halikuwa na uzito wa kisiasa. Nevada haikuwa na kinu hata kimoja cha umeme wa nyuklia. Ilikuwa tayari imebeba miaka mingi ya majaribio ya mabomu. Watu wa Western Shoshone walikuwa wakisema, na wanasema mpaka leo, kwamba ardhi ile ni yao kwa mkataba.

Nevada ikapinga kwa kila njia. Mwaka 2002 Rais Bush aliuidhinisha mlima huo, gavana akakataa, bunge likabatilisha pingamizi lake. Mwaka 2008 ombi la leseni likawasilishwa. Miaka miwili baadaye serikali ya Obama ikaomba kuliondoa, na seneta wa Nevada, Harry Reid, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wengi katika Seneti. Zaidi ya miongo miwili ya kazi na dola zipatazo bilioni 15 zikaishia katika handaki lililo tupu mpaka sasa.

Ule mfuko wa senti umepita dola bilioni 40, kwa sababu fedha zimekusanywa na riba imeongezeka. Lakini haukuwekwa kando kikweli. Uliingizwa katika hesabu za jumla za serikali, na hautumiki bila bunge kuidhinisha upya. Mwaka 2014 makato yalisimamishwa kwa amri ya mahakama: huwezi kuendelea kuwatoza watu kwa huduma ambayo huna mpango wa kuitoa. Na kwa kuwa serikali ilivunja ahadi ya mwaka 1998, kampuni za umeme zimeishtaki na kushinda, na zaidi ya dola bilioni 10 za walipa kodi zimelipwa kama fidia. Fidia hiyo haijachimba shimo lolote. Ni malipo ya kutofanya kazi.

Kuna mahali panaitwa Wiscasset, katika jimbo la Maine. Kinu cha pale kilizimwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2005 kilikuwa kimebomolewa chote, majengo na mabomba. Kilichobaki ni uwanja wenye mapipa 60 ya fueli iliyotumika, uzio, na walinzi wenye silaha. Hakitoi hata uniti moja ya umeme, lakini gharama ya ulinzi ni takribani dola milioni 10 kila mwaka. Nchi ina zaidi ya tani 80,000 za fueli kama hiyo, zimetawanyika katika majimbo mengi.

Nisiwachoshe kwa kila nchi. Uingereza ina eneo la Sellafield, ambako taka zilizozalishwa kwa haraka miaka ya vita baridi zilitupwa kwenye mabwawa na maghala bila hesabu nzuri, na mkaguzi wa hesabu za serikali mwaka 2024 alitaja makisio ya kulisafisha kuwa pauni bilioni 136, kazi ya kufika karne ijayo. Ujerumani ilishusha mapipa yapatayo 126,000 katika mgodi wa zamani wa chumvi wa Asse kati ya mwaka 1967 na 1978, ikaambiwa chumvi ni kavu, na sasa maelfu ya lita za maji huingia humo kila siku na sheria imeamuru mapipa yatolewe. Huko New Mexico kuna shimo la chumvi la kuhifadhi taka za kijeshi, lenye kina cha mita 650 hivi, lililofunguliwa mwaka 1999. Februari 2014 pipa moja lilipasuka humo. Wafanyakazi wa maabara ya Los Alamos walikuwa wamelijaza mchanga wa kunyonya maji ambao watu hununua kwa ajili ya paka, wa aina iliyotokana na mimea badala ya udongo. Ulikutana na chumvi za nitreti ukapata joto. Pipa moja, kosa moja la manunuzi, na shimo zima likafungwa karibu miaka mitatu. Wenye elimu kubwa kabisa ya fani hii ndio waliopatwa na hayo.

Ufini ni hadithi nyingine, na ninaomba tuitulie.

Kwenye kisiwa cha Olkiluoto, katika manispaa ya Eurajoki, kampuni iitwayo Posiva imechimba mahandaki yanayoshuka mita zaidi ya 400 katika mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni mbili. Panaitwa Onkalo. Fueli itatiwa katika makopo ya chuma cha kalibu yaliyovikwa shaba nene ya sentimita tano, kila kopo litateremshwa katika tundu lake, na kuzungushiwa bentonaiti, udongo unaovimba ukiguswa na maji na kuziba kila ufa. Mwisho handaki litafukiwa na watu wataondoka. Mwaka 2024 walianza majaribio ya mwisho kwa makopo yasiyo na taka.

Wengi husifu mwamba. Mimi nasifu yaliyofanyika kabla ya mwamba kuguswa. Kwanza, mwaka 1994 walijifungia njia ya kukwepa. Kinu kimoja chao kilikuwa kikirudisha fueli Urusi, wakatunga sheria kwamba taka za Ufini zitazikwa Ufini na za wageni hazitaingia. Pili, manispaa ilipewa haki ya kukataa, na neno lake lingekuwa la mwisho. Januari 2000 madiwani wa Eurajoki walipiga kura: 20 walikubali, 7 walikataa. Bunge likafuata mwaka 2001 kwa kura 159 dhidi ya 3. Linganisheni na Nevada. Na tatu, tangu mwaka 1988 kuna mfuko wa taifa ambao kila mwenye kinu anapaswa kuweka humo fedha za kutosha kuzika taka ambazo tayari amezizalisha, hata akifilisika kesho. Mfuko huo una zaidi ya euro bilioni mbili. Mradi mzima, hadi kufungwa kwa shimo karne ijayo, ulikadiriwa kugharimu kiasi cha euro bilioni 5, na zitalipwa na walionunua umeme wenyewe.

Sisemi Ufini wamemaliza maswali. Jirani zao Waswidi wanatumia mbinu hiyo hiyo ya shaba, na mwaka 2018 mahakama yao ya mazingira ilisema mashaka kuhusu kutu ya shaba hayajajibiwa vya kutosha. Serikali iliidhinisha mradi wao wa kuzika taka huko Forsmark mwaka 2022 baada ya utafiti zaidi. Hiyo ni afya. Taka za miaka laki moja zinastahili mahakama yenye meno na wanasayansi wasioogopa kumpinga mwajiri.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya inataka kinu. Tangu mwaka 2019 ina sheria ya udhibiti wa nyuklia. Eneo la kwanza kutajwa sana lilikuwa Uyombo, Kilifi, karibu na mkondo wa Mida na msitu wa Arabuko Sokoke, na mnakumbuka maandamano ya wakazi waliopinga mwaka 2024. Siku hizi macho yamegeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ziwa la nchi tatu. Uganda inataja Buyende. Tanzania inaelekea kuchimba urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, na hapo msisahau tope: baada ya urani kuvutwa, sehemu 85 katika mia za mionzi ya jiwe hubaki katika mabaki ya kinu cha kusagia. Ni kisa cha K-65 kwa jiwe hafifu zaidi, na kwa wingi mkubwa zaidi.

Nimesoma hotuba nyingi za viongozi wetu kuhusu megawati, ajira na heshima ya taifa. Kuhusu fueli iliyotumika husemwa sentensi moja, kwamba muuzaji wa kinu ataichukua. Hapo nawaomba muwe wagumu. Japani ilipeleka fueli yake Ufaransa kusindikwa, na kuanzia mwaka 1995 hadi 2007 meli zilirudisha taka kali zilizobaki, zimegandishwa katika kioo, kwa sababu sheria ya Ufaransa hairuhusu taka za mgeni kuzikwa huko. Sheria ya Urusi nayo inaacha mlango wa mabaki kurudishwa kwa mwenyewe. Na sisi Waafrika wenyewe tulitia saini Bamako mwaka 1991 mkataba unaopiga marufuku kuleta taka za sumu na za mionzi barani. Tulikuwa na haki kamili. Lakini anayekataa ya mwenzake ajue na mwenzake atakataa yake.

Wajapani wana msemo kuhusu vinu vyao: nyumba ya ghorofa isiyo na choo. Waliujenga msemo huo baada ya kuhamia ndani. Sisi bado tuko kwenye ramani, na hiyo ni bahati ambayo Wamarekani na Waingereza hawakuwa nayo.

Mimi si mpinzani wa nyuklia. Ninapinga kujengewa kinu kabla ya kujibiwa. Wabunge wetu wa Nairobi, Dodoma na Kampala wana uwezo wa kuandika leo, kabla ya mkataba wowote wa ujenzi, kwamba kila uniti ya umeme itakatwa fedha za taka, na kwamba fedha hizo zitakaa katika mfuko ambao hazina ya serikali haiwezi kuugusa hata mwaka wa uchaguzi. Tunajua yaliyoipata mifuko mingine katika nchi zetu, kwa hiyo sharti hilo lisilegezwe. Wanaweza kuwapa watu wa Siaya, wa Kilifi au wa Buyende haki ya kusema hapana, na hapana hiyo iheshimiwe, badala ya kuwapelekea polisi. Wanaweza kuagiza wanajiolojia wetu waanze kutafuta mwamba sasa, kwani Wafini walianza kutafuta miaka ya 1980 na handaki wakalianza mwaka 2004.

Nanyi mnaonisikiliza, mtaitwa kwenye vikao vya maoni ya umma. Mtapewa maji ya chupa na vijitabu vyenye picha nzuri. Nendeni, na msiondoke kabla ya kuuliza kwa sauti: fueli ya mwaka wa kwanza itazikwa wapi, fedha za kuizika ziko katika akaunti gani, na sahihi ya nani iko chini ya ahadi hiyo. Kama hakuna mwenye jibu lililoandikwa, kinu hicho kisipewe leseni.